Mnainua Altezza ili iende wapi?

Haya wadau, leo siasa pembeni. Nina hasira na mafundi wetu, na zaidi nina hasira na sisi tuliosoma halafu tukakubali kudanganywa.

Juzi nilikuwa natoka Lindi kwenda Dar na rafiki yangu, kwenye Altezza yake. Tunakaribia Somanga, pale mabasi yanaposimama abiria wanunue samaki wa kukaanga, nyuma kukaanza kugonga ka-ka-ka kila akikanyaga mafuta. Nikainama kuchungulia. Mpira wa jointi ya shafti ya kushoto umechanika, grisi imetapakaa mpaka kwenye rimu. "Fundi aliniwekea spesa mwezi uliopita," mwenye gari anasema, tena kwa fahari!

Jamani, Altezza nyuma haina ekseli moja nzima kama Hiace. Kila gurudumu lina mikono yake, difu imefungwa juu, na shafti fupi mbili ndizo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukibandika spesa kati ya springi na kikombe chake, bodi inapanda, difu inapanda nayo, magurudumu yanabaki chini. Shafti zinainama kuliko jointi zilivyoundwa. Shokapu nayo imeshavutika karibu na mwisho wake, gurudumu likishuka shimoni haina pa kuongezea. Na matairi ya nyuma yanaacha kukanyaga sawasawa, maana ni nani kati yenu aliyepima alaimenti ya nyuma? Mafundi wengi wanagusa ya mbele tu.

Mtaniambia barabara mbovu. Sawa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hii hii hapa Kilwa, Somanga ikiwemo. Sasa barabara ikikatika hata lori halivuki, spesa ya inchi mbili itakuvusha? Kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, kiliendelea kututesa miaka mingi baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Leo ni lami, na kwenye lami mnakimbia. Gari refu, shokapu zimekufa, injini inasukuma magurudumu ya nyuma, halafu mvua. Hapo mkia ukiteleza utaurudisha kwa dua?

Msinianze na wale wanaochomelea difu ili "gari lidrifti". Difu ipo ili kwenye kona tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani. Ukiichomelea, tairi moja lazima liburuzwe kila kona, na humo ndani umempakia mdogo wako. Baadhi ya RS200 zilitoka kiwandani na difu ya Torsen, inayopunguza tairi moja kuzunguka bure. Tafuta hiyo.

Hela ya spesa, rimu na stika ingetosha kununua shokapu nzima zinazoendana na springi zako, na bushi mpya. Lakini bushi haipigwi picha, eti.

Tulikaa Somanga saa sita, mpaka shafti ya mtumba ilipoletwa na basi kutoka Dar. Spesa amezitoa. Ziko kwenye buti, anasema atazirudisha masika yakianza.