Mtegemea cha Nduguye Mitandaoni

Asafiriye kutoka Ruiru kwenda Thika huwaona wachuuzi waliopanga matunda kando ya barabara. Kila mmoja anajua kwamba ardhi ile si yake. Siku atakapoamriwa kuhama, ataondoka na matunda yake, lakini wateja hatawabeba. Vijana wetu watungao vichekesho, mashairi na masomo ya Kiswahili katika mitandao ya kijamii wana hali mbaya zaidi: wao huenda wakaachwa bila wateja na bila matunda.

Hayo yamekwisha kutokea. Vine, jukwaa la video za sekunde 6, lilifungwa Januari 2017. Google+ likafuata Aprili 2019. Mwaka uo huo MySpace lilikiri kupoteza kazi zilizowekwa humo kabla ya 2016, zikiwamo nyimbo zilizokadiriwa kuzidi milioni 50. Wala si lazima jukwaa life ndipo mnyonge aumie. Mwaka 2018 YouTube lilitangaza kwamba asiye na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 hatapata mgawo wa matangazo. Aliyekwisha kujitajirisha hakutikisika. Aliyeanza jana ndiye aliyetupwa nje.

Wapo watakaosema kwamba majukwaa hayo ni ya bure, hivyo mtumiaji hana haki ya kulalamika. Hoja hiyo haina mashiko. Kazi za vijana hawa ndizo zinazowavuta watazamaji, na watazamaji hao ndio wanaouzwa kwa wenye matangazo.

Kwangu mimi nifundishaye isimu, hasara haiishii mfukoni. Kijana wa Thika anapochekesha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikuyu na Sheng, anatuachia ushahidi wa namna watu wanavyosema leo, ambao hautapatikana katika kamusi yoyote. Mchapishaji wa kitabu akifilisika, nakala hubaki maktabani. Jukwaa likizimwa, sauti hiyo hupotea nalo.

Tufanyeje basi? Mwanafunzi aitunze kazi yake asilia mahali pake mwenyewe, wala asitundike kila kitu kwenye msumari mmoja. Walimu tulifundishe jambo hili darasani kama tunavyofundisha insha. Maktaba za vyuo vikuu nazo zifungue milango, zipokee na kuhifadhi kazi hizi kwa idhini ya wenyewe.

Serikali nayo haiwezi kukaa kando. Sheria ya Fedha ya 2023 iliwawekea wabunifu wa mitandaoni kodi ya asilimia 5, inayokatwa kabla malipo hayajawafikia. Anayekula matunda ya mti hana budi kuumwagilia maji. Naishurutishe kila kampuni itoe ilani ya kutosha kabla ya kufunga jukwaa, na impe kila mtu nafasi ya kuchukua kilicho chake.

Wahenga walituonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wenye majukwaa haya hata si ndugu zetu.