Ruhusa ya Mbunge na Haki ya Jimbo

Mvuvi wa Bwawa la Mtera asipoingia majini siku tatu, nyumba yake yajua. Mbunge asipoingia Bungeni, jimbo lake litajuaje? Jimbo la Mtera limo Wilaya ya Chamwino, na Bunge lakutana mkoani humo humo, mjini Dodoma. Lakini ujirani si mahudhurio. Fedha za uvuvi, za umeme wa bwawa hilo na za barabara ya Iringa hupitishwa na waliomo ukumbini.

Ibara ya 71 ya Katiba yasema kwamba Mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ya ruhusa ya Spika, hupoteza kiti. Mkutano si siku moja. Ni vikao vya majuma kadhaa, na kwa desturi mikutano ni minne kwa mwaka. Basi mtoro amepewa nafasi ya kutosha. Juu ya adhabu hiyo hatuna neno.

Neno letu ni juu ya ruhusa. Machi 2019, Spika wa wakati ule, marehemu Job Ndugai, alitangaza kwamba Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki amepoteza kiti kwa kukosa mikutano mitatu. Nassari alidai kwamba alikuwa ametoa taarifa. Juni mwaka huo ikawa zamu ya Tundu Lissu wa Singida Mashariki, aliyekwenda Ubelgiji kwa matibabu baada ya kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Spika alisema hakuarifiwa kwa maandishi mahali alipo, na kwamba tamko lake la mali na madeni halikuwasilishwa. Mahakama haikuwarudisha. Katika chaguzi ndogo zote mbili, mgombea wa CCM alipita bila kupingwa. Majimbo mawili yakapata wabunge wapya bila mwananchi hata mmoja kupiga kura.

Mtazameni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36, alimradi alete cheti cha daktari. Mwajiri hana hiari ya kumnyima. Kwa Mbunge, Katiba imehesabu utoro. Ugonjwa imeuachia kalamu ya Spika.

Wako wasemao kwamba jimbo haliwezi kukaa miaka bila msemaji. Ni kweli, na ndiyo sababu yatupasa kuweka kipimo. Ombi la ruhusa lijibiwe kwa maandishi katika siku zilizotajwa. Cheti cha hospitali kitoshe. Likizo ya ugonjwa iwe na kikomo kinachojulikana. Na daftari la mahudhurio lipelekwe jimboni, lisomwe mbele ya wapiga kura.

Hapo mtoro hatajificha nyuma ya mgonjwa, wala mgonjwa hatahukumiwa kama mtoro. Kiti cha Bunge si mali ya Mbunge, wala si mali ya Spika. Ni amana ya wananchi, nao wanastahili kujua kwa kanuni gani yaweza kuondolewa mikononi mwao.