Waya kwanza, alteneta baadaye
Ndugu mwandishi, umesema kweli kuhusu dainamo: lori likisimama huku injini inaunguruma, betri haipati kitu cha maana. Lakini suala la waya, mtu anapobadili dainamo kwa alteneta, umelipita mbio, na hapo ndipo malori huungua. Dainamo ya Lucas C40 hutoa takriban ampia 22. Alteneta ya 17ACR hutoa 36. Waya wa tangu kiwandani, uliokwishachakaa, hauwezi mzigo huo! Vuta waya mpya mnene moja kwa moja hadi kwenye betri, na uuwekee fyuzi. Tena, magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yana chanya ya betri kwenye bodi. Geuza kwanza iwe hasi kwenye bodi, la sivyo dayodi za alteneta zinakufa papo hapo. Regyuleta ya zamani ya dainamo nayo itolewe kwenye mzunguko.