USIKU TUMERUDISHIWA. UKINGO UKO WAPI?

 

Neno la leo: Kumbukumbu la Torati 22:8 na Matendo ya Mitume 20:7-12. Fungua Biblia yako usome mistari hiyo mwenyewe, halafu urudi hapa tuzungumze.

Mlitumiana habari ya Kampala. Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 1, 2023, watu walijaa katika jumba la maduka la Freedom City kuukaribisha mwaka. Ilipofika saa sita wakahimizwa watoke nje kutazama fataki. Katika msongamano ule watu wakabanana kwenye njia nyembamba, wakakosa hewa. Polisi wa Uganda walitangaza vifo vya watu wasiopungua 9, na kati yao walikuwamo watoto. Mzazi aliyemvalisha mtoto wake nguo mpya Jumamosi jioni alienda kumtambua mochari Jumapili asubuhi.

Pamoja na habari hiyo kulikuwa na ujumbe uliozunguka kwenye makundi yetu ya simu. Ulisema hayo ndiyo malipo ya watu wanaoingia mwaka kwa anasa badala ya maombi. Mpendwa, ukiletewa ujumbe huo usiupitishe. Soma Luka 13:4. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, na Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageukia wale waliokuwa wakisimulia habari na kuwaambia watubu wao. Yesu hakumruhusu mtu yeyote kusimama juu ya kaburi la mwenzake akihubiri. Sisi tumepata wapi ruhusa hiyo?

Tena tusisahau kwa nini watu walikuwa wengi hivyo. Huu ulikuwa mwaka mpya wa kwanza, tangu korona ije, ambao Mkenya na Mganda wote wawili waliuingia bila kafyu. Sisi wa mpakani tunajua uzito wake. Kafyu yetu ilianza Machi 27, 2020. Makanisa yalifungwa, na yalipofunguliwa Julai mwaka ule tuliruhusiwa watu 100 kwa saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 na bila wazee waliopita miaka 58. Juni 2021 Busia ikawekwa kati ya kaunti 13 za magharibi na ziwani ambazo watu walitakiwa kuwa ndani kuanzia saa moja jioni. Kafyu ikaondolewa Oktoba 20, 2021, siku ya Mashujaa. Lakini Uganda waliendelea kufungiwa hadi Januari 24, 2022. Kwa miezi mitatu hivi mji mmoja wa Busia ulikuwa na usiku wa aina mbili: huku kwetu watu wanatembea, kule kwa jirani wako ndani.

Na usiku wetu hapa si wa starehe tu. Ni wa kazi. Mama wa chapati na samaki wa kukaanga anauza jioni, dereva wa trela anaposhuka akiwa na njaa. Kijana wa boda boda anapata nauli yake nzuri giza likiingia. Usiku ulipofungwa, jikoni nyingi zilifungwa pamoja nao. Baadhi yenu mlikuja kuomba unga kanisani, na hakuna aliyekuwa mvivu. Kwa hiyo mtu akishangilia kwamba usiku umerudi, mimi siwezi kumkemea. Hata Zaburi 134 inawataja watumishi wanaosimama nyumbani mwa Bwana wakati wa usiku. Usiku ni wa Mungu pia.

Swali langu ni lingine. Tumerudishiwa usiku. Anayewaita watu usiku amewaandalia nini?

Rudi kwenye Kumbukumbu 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari bapa. Huko juu watu walipumzika, walizungumza na kulala wakati wa joto. Bwana akaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalia mambo mawili. Sheria haikukataza watu kupanda darini. Furaha ya darini ilibaki. Pili, haikumwambia mgeni awe mwangalifu. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge. Mgeni akianguka mahali pasipo ukingo, Mungu hamuulizi mgeni alikuwa amekunywa nini. Anamuuliza mwenye nyumba ukingo uko wapi.

Kule Seoul, Korea Kusini, Oktoba 29, 2022, vijana walimiminika kwenye mtaa wa Itaewon kwa sherehe ya usiku baada ya miaka ya vizuizi vya korona. Zaidi ya watu 150 walikufa wakibanana kwenye kichochoro. Miezi miwili baadaye ikawa Kampala. Nchi mbili tofauti, na hakuna aliyeuawa kwa silaha. Watu waliofungiwa muda mrefu hutoka kwa kishindo, na aliyewaita anatakiwa alijue hilo kabla ya kuwaita. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Torati ilisema vivyo hivyo zamani, na ikaweka damu kwenye hesabu.

Sasa tuje nyumbani, maana hukumu huanzia katika nyumba ya Mungu.

Makesha yamerudi. Bwana apewe sifa! Lakini tazama makanisa yetu mengi hapa mpakani. Jengo la mabati lina milango miwili, na mmoja umefungwa kwa kufuli ili wezi wasiingie, au umezibwa na spika. Jenereta linanguruma ukutani na mtungi wa petroli uko kando yake. Watoto wamelala sakafuni katikati ya viti. Likitokea moshi au mtu akipiga kelele "moto!", ni njia gani watu 300 watapitia? Kisha kesha likiisha saa tisa usiku, tunasema Amina na kuwaachia akina mama na wasichana watembee gizani kando ya matrela yaliyoegeshwa, au wapande watatu kwenye boda boda moja. Tofauti yetu na mwenye jumba la maduka iko wapi? Sisi tuliimba tu nyimbo tofauti.

Wengine watasema, "Mchungaji, malaika wanatulinda." Naam, wanatulinda. Lakini kumbuka ni nani aliyemnukulia Yesu ahadi ile ya malaika juu ya kinara cha hekalu, katika Mathayo 4. Alikuwa Ibilisi. Na Yesu alikataa kujirusha. Alisema Mungu hajaribiwi. Kufunga mlango kwa kufuli na kuomba ulinzi ni kusimama juu ya kinara kile kile.

Soma Matendo 20. Paulo yuko Troa, amehubiri mpaka usiku wa manane. Chumba kiko ghorofani, taa ni nyingi, watu wamejaa. Kijana Eutiko ameketi dirishani, usingizi unamshinda, anaanguka kutoka orofa ya tatu na anaokotwa akiwa amekufa. Hilo lilikuwa kesha la kanisa, mhubiri akiwa mtume mwenyewe, na bado mtu alianguka. Paulo akafanya nini? Alinyamaza akashuka. Hakumaliza kwanza pointi yake, wala hakumlaumu kijana kwa kulala ibadani. Alishuka, akamkumbatia, na Bwana akamrudishia uhai. Ndipo akapanda tena, wakamega mkate, wakazungumza hadi alfajiri. Kesha liliendelea, lakini baada ya kijana kupatikana. Mhubiri asiyeweza kushuka kwa ajili ya mtu mmoja asipande madhabahuni.

Nimeulizwa pia na vijana wetu kama mwisho wa mwaka huu kanisa linaweza kununua fataki, ili saa sita ikifika tuwe na shangwe kama wengine na tuwavute rika lao. Nawapenda kwa kuuliza waziwazi, nami nitajibu waziwazi. Hapana.

Sisemi fataki ni za shetani. Mwanga angani haujamkosea Mungu aliyeumba nyota. Nasema hivi: tazama tunakoishi. Barabara ya Malaba na ya Busia ina foleni ya matangi ya mafuta usiku na mchana, yamepangwa karibu na vibanda, karibu na nyumba, karibu na kanisa. Mwezi Julai 2021, usiku, tangi la petroli lilipata ajali pale Malanga, Gem, kwenye barabara hii hii inayotoka Kisumu kuja Busia. Watu wakatoka na mitungi kuteka mafuta. Moto ulipolipuka, watu wasiopungua 13 waliteketea. Wengine wetu tuna jamaa kule. Mji ulioona moto huo hautupi cheche angani kwa mchezo. Fataki zinahitaji kibali, na kibali kipo kwa sababu. Zile zinazouzwa chini ya meza kwa watoto sokoni hazina kibali wala ukingo.

Na pesa hizo za fataki zinunue ukingo. Tukodi gari la kuwarudisha akina mama nyumbani baada ya kesha. Tununue taa ya nje. Tufungue mlango wa pili na kuweka mhudumu hapo usiku mzima, ambaye kazi yake ya kiroho usiku huo ni kulinda mlango. Jenereta na petroli vikae mbali na ukuta. Watoto wawe na sehemu yao karibu na njia ya kutokea, na wahesabiwe wakiingia na wakitoka. Jengo likijaa, anayechelewa asikie Neno akiwa nje. Hakuna fataki itakayomvuta kijana kuliko kanisa linalojua jina lake na kujua kama amefika nyumbani.

Wewe unayesoma na hauko kwenye kamati yoyote, neno hili ni lako pia. Kama una ukumbi, hoteli, baa au kibanda cha video, wewe ni mwenye dari. Kama wewe ni mzazi, uliza mahali mtoto wako anapoenda kuna milango mingapi kabla ya kumpa nauli. Kama una boda boda, abiria wako wa usiku ni mgeni kwenye dari lako.

Tuombe. Baba, wafariji wazazi wa Kampala waliozika watoto. Tusamehe kwa midomo iliyowahukumu. Asante kwa kuturudishia usiku. Tufundishe kuulinda kama unavyotulinda Wewe usiyesinzia. Katika jina la Yesu.

Usiandike "Amina" hapa chini kisha upite. Jumapili ukifika kanisani, kabla hujaketi, zunguka jengo ujionee mlango wa pili. Ukikuta una kufuli, njoo uniite. Nitashuka.

Mchungaji wenu.