Daraja la 3 si hatua ya 3

Makala nzuri kuhusu majibu ya maabara ya saratani ya matiti, ila mwandishi amepita haraka pale kwenye daraja na hatua, na hapo ndipo watu wanapopandwa na presha bure. Daraja, 1 hadi 3, hueleza seli zinavyoonekana kwenye hadubini: zimebadilika kiasi gani, zinagawanyika kwa kasi gani. Hatua ni habari nyingine: ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, na kama saratani imesambaa mbali. Dada yangu alisoma "daraja la 3" akaanza kugawa vitenge vyake. Kumbe tezi zote zilikuwa safi! (Vitenge havijarudi hadi leo.)

Halafu kuna majibu ya vipokezi vya homoni na ya protini ya HER2, ambayo mara nyingi hutoka baadaye kwa karatasi tofauti. Vipokezi vikiwa chanya, zipo dawa za kuzuia homoni kama tamoxifen, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. HER2 ikiandikwa 2+, bado haijaamuliwa. Kinahitajika kipimo kingine. Ndugu zangu, ombeni nakala ya majibu yote, na mumuulize daktari kama kingo za nyama iliyokatwa hazina saratani.