Mwimbaji mwenzako kachomoa siku ya shoo: Nani anabeba hasara?

Kama unaimba kwenye harusi, sendofu au hotelini kwa malipo, kuna sentensi moja unaiogopa kuliko zote: namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Mpiga kinanda alisema yuko njiani. Saa imefika, hayupo. Kesho yake atakwambia alipata dharura, halafu utaona kwenye status za watu kwamba alikuwa ukumbi mwingine, anapiga shoo ya mtu mwingine.

Ni rahisi kusema wasanii hawana nidhamu na kuishia hapo. Wapo kweli wa aina hiyo. Lakini ukiangalia kazi hii inavyoendeshwa siku hizi, utaona kuchomoa kumerahisishwa mno.

Zamani pengo lilizibwaje?

Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Bendi za namna hiyo zilikuwa na wanamuziki wengi na waimbaji kadhaa wa mbele. Mmoja akiumwa, mwingine alishika nafasi yake.

Hata 1985, Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka walipohamia Safari Sound, Sikinde haikufa. Iliwapoteza mastaa, ikaendelea kupiga.

Kikundi cha harusi cha leo mara nyingi kina watu wanne mpaka sita. Kiongozi anachukua kazi, anapiga simu, anakusanya deiwaka. Mpiga besi ni mmoja tu. Akikosekana, hakuna wa kumrithi jukwaani.

Kwa nini wanachomoa?

Kwanza, kalenda. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi hawafanyi sherehe Ramadhani. Kwa hiyo harusi zinarundikana miezi mingine, na nyingi ni Jumamosi. Mpiga kinanda mzuri anaweza kupigiwa simu tatu kwa usiku mmoja.

Pili, hela. Deiwaka hupewa ahadi, mara nyingi bila hata shilingi ya kumshika. Umemwambia utampa 100,000 baada ya shoo, mwingine anamwita kwa 180,000 na nauli juu. Kwako hajapokea kitu, hivyo anaona hana cha kupoteza.

Tatu, saa zetu. Kadi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 2 usiku. Wanamuziki wameshalijua hilo. Ukimwambia mtu "shoo saa 12", yeye anatoka nyumbani saa 12.

Sheria inamtazama nani?

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kamati ya harusi haikukubaliana na mpiga kinanda. Ilikubaliana na wewe. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, aliyeahidi ndiye anayepaswa kutimiza, na mwenye kupata hasara kwa mkataba kuvunjwa anaweza kudai fidia. "Mwenzangu hakuja" si utetezi wa kuutegemea.

Ila na wewe una haki kwa huyo mwenzako. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, shida ni kuyathibitisha. Ujumbe wa WhatsApp unasaidia, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Basi andika: tarehe, ukumbi, saa ya kufika, kiasi, na nini kitatokea asipokuja. Akijibu "sawa", umepata pa kushikia.

Ufanye nini kabla?

Gawa malipo ya awali. Tuseme umepewa 1,500,000 na umelipwa nusu, 750,000. Usikae nazo zote. Mtumie kila mmoja sehemu yake kidogo mapema, hata 30,000. Aliyepokea hela ana deni, na wengi wanaliheshimu deni kuliko ahadi.

Taja saa ya saundi cheki, usitaje saa ya shoo.

Kuwa na jina la pili kwa kila nafasi, na huyo wa pili awe na orodha ya nyimbo pamoja na kii ya kila wimbo. Deiwaka anayeijua orodha anaweza kukuokoa. Asiyeijua atakuwa anakutazama mdomo kila wimbo unapoanza.

Pia tayarisha nyimbo tano ambazo mnaweza kuzipiga hata mkiwa wawili, gita na sauti tu.

Na akikosekana usiku huohuo?

Mwambie mwenyekiti wa kamati mapema, kabla MC hajawakaribisha. Mpe habari pamoja na suluhisho: "Mpiga drams hatakuwepo, tutaanza na nyimbo za taratibu, mwingine anafika saa 3." Kama huna mbadala, punguza bei mwenyewe kabla hujaombwa. Inauma, lakini kazi nyingi za harusi zinakuja kwa mtu kumwambia mtu, na ukumbini wamo watakaooa au kuoza mwakani.

Usimseme mwenzako kwenye maiki. Wageni hawamjui, wanakuona wewe unalalamika kwenye sherehe ya watu. Kama amefika amelewa, mpumzishe pembeni. Kiti kitupu hakiharibu wimbo, ila sauti iliyopinda inauharibu.

Hesabu zenu zifanyeni kesho yake, mchana, kila mtu akiwa na akili timamu. Kama kweli alikuwa hospitali, mpe pole na umwite tena. Kama alikula kona kufuata dau, dai hela uliyomtanguliza na utafute mtu mwingine wa Jumamosi ijayo.

Viongozi wa vikundi nao wajitazame. Kikundi kinacholipa kwa kuchelewa, kinachokata bila maelezo na kinachoficha bei halisi ya kazi, kitaachwa kila ikitokea simu nzuri zaidi. Mwanamuziki anayejua atalipwa kiasi gani na saa ngapi ana sababu ya kukataa dau la ukumbi wa pili.