Daktari wa meno aanze, mionzi ifuate

Mgonjwa wa saratani ya ulimi akimaliza wiki zake 6 au 7 za mionzi huona yamekwisha, na ana haki ya kufurahi. Miaka mitatu baadaye gego la chini linamsumbua. Anakwenda kituo cha afya cha jirani, anachomwa ganzi, jino linatoka. Shimo halifungi. Miezi inapita, mfupa umebaki wazi pale penye fizi, kinywa kinanuka, usaha unatoka. Wapo wanaofikia taya kuvunjika kwa kutafuna tu.

Mfupa huo umekufa. Mionzi inayoua saratani huharibu pia mishipa midogo ya damu iliyomo mfupani na chembe hai zinazoujenga upya, kwa hiyo ukijeruhiwa unashindwa kupona. Taya la chini huumia zaidi, kwani damu yake ni haba kuliko ya taya la juu. Hatari huongezeka dozi ikifika grei 60 na kuendelea, uvimbe ukiwa mfupani au karibu yake, au taya likiwa limepasuliwa. Hayo hayamo mikononi mwa mgonjwa. Sigara na pombe zimo, na aambiwe waziwazi kwamba kila sigara inaubania mfupa ile damu kidogo iliyobaki.

Sisi leo tunataka kusemea meno, maana hapo ndipo madhara mengi yanazuilika. Mionzi hukausha mate. Mtu asiye na mate hamezi tonge bila kulishushia maji, na meno yake huoza upesi, hasa pale jino linapokutana na fizi. Likioza linauma, likiuma linang'olewa, kwa sababu katika kliniki zetu nyingi kung'oa ndiyo tiba iliyopo. Na mfupa uliopigwa mionzi hausahau: hatari hiyo mgonjwa anabaki nayo maisha yake yote.

Asipandishwe mtu kwenye mashine kwa saratani ya kichwa au shingo kabla daktari wa meno hajamkagua kinywa na kumpiga picha ya taya. Meno yasiyookoleka yang'olewe wakati huo, na kidonda kipewe angalau wiki 2 kipone. Tutaambiwa saratani haingoji. Ni kweli, wala hatutaki tiba icheleweshwe kwa ajili ya jino. Ila wagonjwa wengi tayari wanasubiri zamu ya mashine kwa wiki kadhaa, na hakuna anayewaambia wafungue kinywa. Inatuuma, kwa sababu kazi yenyewe haihitaji mtambo mpya, inahitaji idara mbili za hospitali moja zizungumze.

Na anaporuhusiwa kwenda nyumbani apewe kadi: upande gani wa taya ulipigwa mionzi, dozi kiasi gani, mwaka gani. Aelekezwe kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi nyingi, na kurudi kukaguliwa meno kila baada ya miezi michache hata kama haumwi. Daktari wa meno wa wilayani akiiona kadi hiyo, ajaribu kwanza kuziba jino au kutibu mzizi. Ikishindikana, ampigie simu mtaalamu wa upasuaji wa kinywa na taya kabla ya kushika koleo.